Fasihi ina lipi la kumwambia aliyekata tamaa?

Katika Kiswahili, 'kuishi' na 'kuisha' hutenganishwa na irabu moja tu. Mtoto akiteleza katika imla, uhai hugeuka ukomo. Mwalimu hupitisha kalamu nyekundu na somo likaendelea. Nje ya darasa hakuna kalamu ya aina hiyo.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu nilipopita Adungosi, soko lililo kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba. Huko mpaka ndio maisha. Malori hupita yakielekea Uganda, Kiteso na Kiluhya na Kiswahili huuziana nyanya kwenye meza moja, na waendeshaji boda boda husubiri abiria kutwa. Neno lenyewe 'boda boda' lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda. Basi kijana mmoja wa boda boda, alipojua kwamba ninafundisha fasihi, aliniuliza pasi na kuzunguka: "Prof, hivi vitabu mlitusomesha vilikuwa vya kupita mtihani tu, ama kuna mahali vinamsaidia mtu amechoka na maisha?" Mwenzake wa steji moja alikuwa amezikwa majuma machache kabla. Hakueleza zaidi, nami sikumdadisi.

Swali lile ni la uhakiki, na nakusudia kulijibu kwa uhakiki. Mahubiri nawaachia wenye mimbari.

Kwanza, limekuja wakati wake. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kifungu hicho kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na kiliweza kumfunga hadi miaka miwili. Tulikirithi kwa Mwingereza, na Mwingereza mwenyewe aliifuta sheria kama hiyo kwake mwaka wa 1961. Sisi tukabaki nayo: mtu anaokolewa usiku, asubuhi anaamkia kituo cha polisi. Uamuzi huo umemwondoa askari kando ya kitanda cha mgonjwa. Haukusema nani aketi mahali pake.

Mila nazo hazikuwa pole. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, aliyejiua alizikwa upesi, bila kuliliwa sana wala kusifiwa. Wala asidhani mtu kwamba balaa hili limeletwa na simu za mkononi. Mwaka wa 1960, mwanaanthropolojia Paul Bohannan alihariri kitabu kuhusu kuua na kujiua katika jamii za Kiafrika, na miongoni mwa waliochunguzwa ni Wasoga na Wagisu wa upande wa Uganda, na Waluhya na Wajaluo wa upande wetu. Hao ni majirani wa Wateso kila upande. Sheria na mila zilitofautiana kwa mengi, lakini zilikubaliana kwa moja: kwamba jambo hili lisizungumzwe.

Lugha yenyewe, hata hivyo, haijanyamaza. Tunasema mtu 'amekata tamaa'. Tamaa hiyo hiyo ndiyo tunayoilaani tunaposema 'tamaa mbele, mauti nyuma'. Methali inatuonya kwamba tamaa ikizidi huua. Nahau inatukumbusha kwamba tamaa ikikatika pia huua. Na kinachokatika, tofauti na kinachoungua, huweza kuungwa. Swali la yule kijana basi ni hili: je, fasihi ni mojawapo ya mikono inayoweza kuunga?

Wapo wanaoamini kinyume, kwamba fasihi ndiyo hukata. Hofu hiyo ina historia. Mwaka wa 1774, Goethe wa Ujerumani alichapisha riwaya ya barua kuhusu kijana Werther, anayejiua kwa sababu ya mapenzi. Riwaya ilienea Ulaya, vijana wakavaa kama Werther, na mwaka uliofuata mji wa Leipzig ukaipiga marufuku kwa hofu kwamba wasomaji wangemwiga. Hata leo watafiti wakizungumzia vifo vya kuigana hutaja jina la Werther.

Kwetu, mzigo wa tuhuma kama hiyo umebebwa na Euphrase Kezilahabi. Mwana huyu wa Ukerewe alizaliwa mwaka wa 1944 na kufariki tarehe 9 Januari 2020, miaka mitano kamili kabla ya uamuzi wa Jaji Mugambi. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka wa 1971, inaishia kwa msichana kujiua, na kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni. Kichwamaji ya mwaka wa 1974 inaishia kwa Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, kufanya vivyo hivyo. Nimewasikia wazazi wakiuliza kwa nini kitabu kama hicho kikae mikononi mwa mtoto wa kidato cha tatu.

Tukisome kwanza. Kazimoto ni kijana mwerevu kuliko wengi wanaomzunguka. Humfikiria Mungu, huifikiria ndoa, hukifikiria kifo, na kila anachokishika akilini hukivunja kuona kilichomo ndani. Mwishoni anaacha barua, na kiini cha barua hiyo ni kwamba ameshindwa kulitatua tatizo la maisha kwa ujumla wake. Mimi hapo ndipo ninaposimama na kalamu. Kwa ujumla wake! Kazimoto ni kama mtu aliyeketi ufuoni mwa ziwa lao kule Ukerewe, ana kiu, na amekataa kibuyu cha maji kwa sababu anataka kwanza alielewe ziwa zima. Sijui binadamu aliyewahi kupata sababu ya maisha yote kwa pamoja. Tunachopata ni sababu ya kuamka Jumanne: ng'ombe hajakamuliwa, mtoto ana karo, dada alisema atapiga simu.

La pili kuhusu barua ile. Barua ni mwito. Huandikwa ili ijibiwe. Lakini barua ya Kazimoto inafika wakati mwandishi wake hawezi tena kujibiwa. Kijana aliyejadiliana na kila mtu kuhusu kila kitu hakumpa mtu hata mmoja lile neno lenye uzito kuliko yote, wakati bado palikuwa na nafasi ya kuambiwa, "Ngoja, tuzungumze." Kwangu mimi, msiba wa riwaya hiyo umo humo zaidi ya kwenye falsafa yake. Mwandishi hakutuambia tumfuate Kazimoto. Ametukabidhi barua iliyochelewa, akatuacha sisi wasomaji tuwe wa kwanza kuijibu. Mwanafunzi anayekasirika, anayetaka kumpigia Kazimoto kelele kwamba amekosea, tayari ameanza kutaja sababu za kuishi, na amezitaja kwa kinywa chake mwenyewe.

Hapo nafikia hoja yangu. Fasihi haigawi sababu za kuishi kama duka linavyopima unga. Inachofanya ni kumwita mtu. Na mtu aliyeitwa ana kazi moja angalau iliyombakia, nayo ni kuitika.

Tazama jinsi kazi kadhaa kubwa za Kiswahili zilivyoandikwa na watu waliosimama mahali pagumu, na jinsi kila moja inavyomsemesha mtu mahsusi. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka wa 1858 akiwa mgonjwa. Takriban miaka miwili baadaye alikuwa amefariki. Utendi unaanza kwa kumwita binti yake asogee, aketi, alete wino na karatasi. Wasomi wa leo wameyalalamikia mafundisho yake kuhusu mke kumtii mume, na malalamiko hayo yana haki yake. Lakini tusilipite tendo lenyewe. Mama anayeona mwisho wake unakaribia anazipanga siku zake kwa ubeti baada ya ubeti, zaidi ya beti mia moja, kwa kuwa kuna binti ambaye bado hajaambiwa.

Shaaban Robert naye alifiwa na mkewe Amina, akamlilia kwa shairi lenye jina hilo. Hakuishia kwenye kilio. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini mna utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume. Wanafunzi wangu huziona tenzi hizo kuwa ni mawaidha makavu. Huwaambia wazisome upya wakikumbuka kwamba mtungaji ni mjane mwenye watoto waliokosa mama. Mawaidha yale yanafanya kazi mbili: yanamlea mtoto, na yanamshika baba asianguke.

Abdilatif Abdalla hakuwa na mtoto wa kumketisha mbele yake. Alitiwa gerezani mwaka wa 1969 kwa ajili ya kijikaratasi Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka wa 1972, na muda mwingi aliwekwa peke yake. Aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, na mwaka wa 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki. Mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye angefanya nini? Alijigawa mara mbili. Kichwa cha shairi mojawapo, 'Tuza Moyo', kinatosha kueleza: mshairi anausemesha moyo wake kama mtu anavyomsemesha ndugu aliyechoka njiani. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya kwenye karatasi za chooni kule Kamiti mwaka wa 1978, na Alamin Mazrui alitoka kizuizini na mashairi ya Chembe cha Moyo. Gereza lilijaribu kuwafanya watu hao wasiwe na wa kumwita, nao wakamtunga.

Lazima nitie mpaka hapa. Sisemi kwamba Mwana Kupona, Shaaban Robert au Abdilatif walifikiria kujiua. Hatuna haki ya kusema hivyo. Nasema walikuwa mahali ambapo sababu za kuendelea zilikuwa haba, na kila mmoja alizichuma kwa kumsemesha mtu. Wala sisemi kwamba kuandika ni hirizi. Virginia Woolf aliandika vizuri kuliko wengi, na bado alijiua mwaka wa 1941; Ernest Hemingway vivyo hivyo mwaka wa 1961. Kalamu haikuwatosha. Anayemwambia mgonjwa "andika shairi tu utapona" anamtania.

Lakini kuna riwaya moja ambayo ningemtajia yule kijana wa Adungosi bila kusita, nayo ni Siku Njema ya Ken Walibora, mwana wa Bungoma, jirani zetu hapo. Ilitoka mwaka wa 1996 na imepita katika mikono ya maelfu ya Wakenya shuleni. Aghalabu tunaifundisha kama hadithi ya bidii na ufanisi. Mimi naiona kama ubishi na methali. Jina lake linatukumbusha kwamba 'siku njema huonekana asubuhi'. Sasa itazame asubuhi ya Kongowea Mswahili: baba hajulikani alipo, mama mwimbaji wa Tanga anafariki kijana angali mdogo, kisha mateso katika nyumba ambayo si yake. Kwa kipimo cha methali, siku hiyo ilikwisha kuharibika kabla ya saa nne. Riwaya inakataa. Inamfungasha kijana safari ndefu kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake, na njiani inatuonyesha kwamba methali nayo yaweza kukosea. Kijana ambaye kila mtu amemwambia kwamba dalili zake ni mbaya tangu utotoni anahitaji sana kusikia kwamba methali hukosea.

Hili haliko kwenye fasihi pekee. Mwaka wa 2010, watafiti wa Vienna wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler walichunguza jinsi vyombo vya habari vya Austria vilivyoandika kuhusu kujiua. Waliona kwamba kurudiarudia habari za vifo hivyo kuliandamana na kuongezeka kwa vifo, ilhali habari za watu waliofikiria kujiua kisha wakapata njia nyingine ziliandamana na kupungua. Matokeo hayo ya pili waliyaita kwa jina la Papageno, mhusika katika opera ya Mozart ya mwaka wa 1791. Papageno amekata tamaa ya mapenzi na yuko ukingoni, ndipo watoto watatu wanapomkumbusha kwamba ana kengele zake, mbona hazipigi? Hawamfokei, hawamfanyii falsafa. Wanamkumbusha alicho nacho mkononi. Sisi waandishi wa magazeti tujipime kwa utafiti huo kila tunapoandika kichwa cha habari ya mtu aliyejitoa uhai.

Walimu nao wajipime. Kwa jinsi tunavyofundisha vitabu teule, mwito wa fasihi tumeuzima. Mwanafunzi anaijua riwaya kupitia mwongozo aliouziwa mjini. Anaweza kutaja maudhui sita na mbinu nane, akapata alama zake, na kitabu kisimguse hata mara moja. Tunamwuliza: "Eleza sifa za Rosa." Hatumwulizi: "Ungekuwa rafiki yake, ungeona nini mapema, na ungemwambia nini?" Swali la pili halitahiniwi, na kwa sababu halitahiniwi tunalipita. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza kidato cha nne, akapata pikipiki, akapata steji, na bado asijue kama vitabu vile vilikuwa na lolote la kumhusu. Lawama ni yetu sisi tuliovifundisha.

Na kuhusu vitabu vyenye giza, jibu langu kwa wazazi ni hili. Kichwamaji kisifichwe, ila kisiachwe mikononi mwa mtoto aliye peke yake. Kisomwe na wenzake, mwalimu akiwepo, na kipindi kisiishe kabla ya barua ya Kazimoto kujibiwa. Kila mwanafunzi aandike jibu lake. Mwalimu makini atakayesoma majibu hayo atagundua mengi kuhusu darasa lake, na huenda akagundua ni mtoto yupi wa kuitwa kando kwa upole.

Walioishi kabla ya vitabu walilijua hili. Fanani wa Kiswahili haanzi hadithi mpaka aseme "Paukwa!" na ajibiwe "Pakawa!" Akinyamaziwa, hakuna hadithi. Wateso wana ngano zao, ambazo mwandishi Grace Akello wa Uganda aliziandikia kitabu kuhusu fikra zilizomo, na wana akogo, ala ya vidole inayopigwa watu wakiwa wamekusanyika. Hadithi ilikuwa namna ya kuhesabu watu: nani yupo, nani ameitika, nani leo kanyamaza. Tulipoihamishia kwenye kitabu na chumba cha mtihani tulipata mengi, lakini hesabu hiyo tuliipoteza.

Hesabu hiyo inaweza kurudi bila gharama kubwa. Steji ya boda boda ina saa nyingi za kungoja. Chama cha wanaboda hukutana, kanisa hukutana, matangani watu hukesha. Riwaya moja ikasomwa kwa sauti, sura moja kwa juma, na kila msomaji aseme angefanyaje. Sidai kwamba hiyo ni tiba. Sonona ni ugonjwa, na mgonjwa apelekwe hospitalini kama anavyopelekwa wa malaria. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari 1199 ya kupiga bila malipo, na anayehisi kulemewa, au anayemhofia mwenzake, aitumie leo. Fasihi haishindani na daktari. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kabla mtu hajafika kwa daktari, kuna aliyemsikia.

Maana mwito wa aliyekata tamaa hauji kwa "Paukwa". Huja kwa maneno ya kawaida kabisa: "Mimi nimechoka tu." "Nyinyi mtaendelea vizuri." "Usijali kuhusu ile deni yangu, chukua tu pikipiki." Sikio lililozoea kusoma hujua kwamba sentensi huweza kubeba zaidi ya inachosema, ndilo tunalolifundisha tunapofundisha kinaya na taashira, hata kama wanafunzi huliona la mtihani. Ukiisikia sentensi kama hiyo, usiiache ipite. Uliza, na ukijibiwa "hapana, niko sawa", uliza tena.